Maboksi ya Mama

Mtae, Jumanne usiku

Bora nisingemwita fundi leo. Nilitaka apime kaburi la baba hapa nyuma ya nyumba, atuambie tununue marumaru kiasi gani. Akapima juu na ubavuni, akasema maboksi manne yatatosha, na moja la ziada kwa zitakazovunjika njiani kutoka Lushoto.

"Nunueni za kutosha mara moja," alisema. "Mkirudi dukani baadaye hamtapata rangi ileile."

Mama akamwuliza taratibu, "Na la pembeni yake?"

Fundi akaniangalia. Pembeni hakuna kaburi, ni nyasi tu.

"La kwangu," mama akasema. "Nataka tufanane na mwenzangu. Pima, mwanangu."

Akashika ncha ya tepu mwenyewe, akasimama pale kwenye nyasi. Mimi niliandika vipimo.

Maboksi kumi. Tangu tumzike baba nimekuwa nikijipa moyo kwamba angalau mama nimebaki naye. Kumbe yeye anajiandaa kumfuata, na sijui namzuiaje.

Kesho dukani wakiniuliza marumaru zote hizo ni za nini, nitasema ni za bafuni.