Parafujo Uliyoikaza Wewe

Mama Mwanaisha, mke wangu uliyetangulia,

Assalamu alaikum. Katika Pate nzima hakuna parafujo iliyopata kunishinda. Naona watikisa kichwa huko uliko. Haya, zimenishinda nyingi, na zile tulizozifungua ni kwa akili yako. Nilitaka tu kujua kama wanisikiliza.

Wewe walikumbuka gari letu la punda, lile lenye kamani chini, springi ya kupunguza mrusho, nililolinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama? Kila Ijumaa tuliliingiza baharini pamoja na punda, tukawasugua wote wawili. Punda akanawiri, chuma kikaoza. Siku mwanetu Mwanaisha alipochukuliwa na mumewe kwenda Barawa, kamani ikavunjika, nawe miguu imekuvimba, huwezi kufika bandarini Mtangawanda kumuaga ila kwa gari. Kamani nyingine nilikuwa nayo. Lakini parafujo za ile ya zamani zilikuwa zimeshikana na nati zake kwa kutu.

Nikapiga nyundo. Nikatukana.

"Baba Mwanaisha," ukasema, "hiyo haina masikio."

Ukaja ukijikokota, ukaketi mchangani, ukamimina mafuta ya nazi ya moto. Nikavuta spana, wapi.

"Ikaze kwanza."

"Mimi nataka kuifungua, nawe waniambia niikaze?"

"Punda akikwama topeni hasukumwi mbele tu. Hurudishwa nyuma kidogo, ndipo apate ndia."

Nikakaza kidogo, nikalegeza kidogo, hata ikalia, ikatoka. Nyingine zikaifuata. Mafuta ukayapangusa kwa kofia yangu ya Ijumaa, ile aliyonishonea mama. Kamani mpya ilipokaa, parafujo ya mwisho uliikaza wewe kwa mkono wako, ukasema bismillahi. Tuliwahi. Mwanaisha akakubusu mikono, nawe hukulia mpaka chombo kilipotoweka.

Sasa mwanetu yuaja. Ana mimba ya kwanza, na mwanamke hurudi kwa mamake kujifungua. Ajua hupo. Ameleta salamu kwamba atakuja vivyo hivyo, nyumba ni ya mamake. Na kamani imepasuka tena, na ndia ya Mtangawanda ni mashimo matupu. Simleti na tumbo lile likirushwarushwa.

Parafujo zote nikazifungua, ile yako nikaiacha. Jirani akaniuliza, "Mzee, waogopa kijichuma?" Nikamwambia naipumzisha. Kweli ni kwamba kila nilipoishika niliona kama mkono wako umeshika upande wa pili, na mimi ndiye wa kuubandua.

Leo nimeitia mafuta, nikaikaza kwanza kama ulivyonifundisha. Ikalegea bila kelele. Nikaketi pale pale mchangani, punda ananitazama. Ulichokikaza nimekilegeza mimi, mke wangu. Niwie radhi. Kamani imekaa sasa, na kesho naenda kumpokea mwanetu.

Nikitafuta kitambaa cha kupangusia mikono, nikaiona kofia ile. Doa lingali pale. Mama alikufa akiamini ni mimi niliyeiharibu, nawe uliniapia utamwambia kweli, ikawa kesho, na kesho, na kesho. Sasa mko pamoja na huna pa kukimbilia. Mwambie.

Mumeo,
Baba Mwanaisha