Hata Mimi Siwezi Kuifuta

Jumatatu, 3 Machi

Bodi mbili za kompyuta zimeungua tena. Musyoka alichomeka chaja isiyo yake. Nikamrushia koleo. Nimemkosa, nimevunja kioo cha dirisha. Ni ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye anayeunganisha kila sanduku kwa mikono yake, na bado nilitamani koleo limpate.

Kyondo, hilo sanduku langu, inafanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma. Kompyuta ndogo, unaichomeka kwa televisheni yoyote, haitaki intaneti, inaonyesha picha na video, inacheza sauti, inakuongoza kwa Kikamba hata kama hujui kusoma. Ila ndani ni tupu. Madevelopa wa Nairobi nikiwaandikia wananiuliza ina watumiaji wangapi. Watu wa Kitui wananiuliza ina nini ndani. Nisipopata watu wa kuiandikia programu mwaka huu, nafunga karakana nirudi kufundisha. Afadhali nife.

Jumatano, 5 Machi

Chuoni, kuwaomba wanafunzi wa kompyuta. Mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, hii kitu iko na app ngapi saa hii?" Nikasema hakuna hata moja. Darasa zima likacheka. Ningekuwa na fimbo ningemchapa mbele ya mwalimu wake.

Msichana mmoja hakucheka. Mwende, wa mwaka wa mwisho, kwao ni Kalamba. "Mtu akiweka kazi yake huko ndani, nani anaweza kuitoa?" Nikasema hakuna. "Hata wewe?" Hata mimi. Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia. Watano wakabaki baada ya kipindi.

Si kweli. Ufunguo wa kufuta ninao. Niliutengeneza mwenyewe. Nitaushughulikia nikipata nafasi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeanza kwa mwethya, vile mama zetu walivyochimba matuta. Leo wote shambani kwako, kesho wote kwangu. Kwa hiyo wote watano na laptop zao kwenye programu ya mmoja mpaka iishe, kisha ya mwingine. Asiyefika bila sababu, faini mbuzi. Walicheka, lakini hakuna aliyechelewa.

Zamu ya kwanza ya Mwende. Programu yake ni mto wa kwao. Unachagua mahali kwenye ramani, unaona kisima kilichokauka, unaona malori yakibeba mchanga, unasikia watu wa hapo wakieleza. Mahali pamoja ni sauti ya mama yake. Hapo ndipo ukingo wa mto ulipomfunika kaka yake Mwende akichimba mchanga wa Kilonzo. Mama halii. Anaeleza tu kwamba alikuwa amempelekea chai.

Kilonzo ni dalali wa mchanga, tena mzee wa kanisa. Malori yake yanaonekana waziwazi. Niliona hatari, nikanyamaza. Hatimaye kuna kitu ndani ya Kyondo!

Jumamosi, 15 Machi

Kalamba, siku ya soko. Tuliweka televisheni na Kyondo ukumbini, tukaacha watu wajichagulie. Hawakutaka kutoka. Mama Mwende alipoanza kusikika, wanawake wakashika vichwa. Kisha mtu akapiga kelele, "Twende mtoni!"

Wakaenda. Lori lilikuwa linapakiwa. Mawe, halafu moto. Dereva alikimbia. Mpakiaji, mtu mzima anayeitwa Mbithi, hakuwahi kukimbia. Uso wake uko kwenye picha za Mwende, ndiyo maana walimchagua. Walimpiga kwa sepetu yake mwenyewe. Niliona jicho lake. Sitaandika lilivyokuwa.

Mwende alipiga mayowe waache. Mimi sikupiga. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kitu nilichokiunda kimewainua watu. Furaha ikaisha nilipovua viatu na kuona damu.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani. Mwende amepiga simu mara nyingi. Anataka tuzibe nyuso za wapakiaji wote. Nimemwambia baadaye. Nilikuwa nahesabu watu walioulizia sanduku la kununua. Mnyama mimi.

Jumanne, 18 Machi

Wamekuja wanaume wanne, bila shaka wa Kilonzo, asubuhi, mlango ukiwa wazi. Walikuwa na sanduku letu tuliloliacha ukumbini Kalamba. Wakaliweka mezani polepole, kama mtu anayeleta redio kutengenezwa. "Mama, toa hiyo kitu ya mto." Nikasema haitoki. Mmoja akanikamata nywele. Chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi mwangu, moto. Nikamchoma shavuni. Harufu bado ninayo puani. Ningemchoma tena.

Wakamgeukia Musyoka. Wakatia kidole chake kwenye jiliwa tunalobania bati, wakakaza. Hakulia. Alisema "shemeji" tu. Wakatia kingine. Wakatia cha tatu, wakaniangalia.

Nikafuta. Kwa ufunguo wangu. Kwenye sanduku na kwenye mashine yangu inayohifadhi programu zote. Kisha wakavunja bodi zote kwa nyundo yetu na kuondoka bila haraka.

Alhamisi, 20 Machi

Hospitali. Vidole viwili havitakunjika tena, daktari anasema. Musyoka anatazama ukuta. Polisi waliandika maelezo, lakini swali lao la kwanza lilikuwa nani alichoma lori la Kilonzo. Nawachukia wote. Mwende sijamwambia.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya mwethya. Wamekuja wote. Niliwaambia tulivunjiwa na wezi, na kadi iliyobeba programu ya Mwende ikaharibika. Nakala anayo kwake, akasema hakuna neno, atairudisha. Akafungua mashine yangu. Mashine huandika kila kinachofutwa na aliyekifuta. Akasoma.

"Madam. Ulisema hata wewe."

Nikamwambia anyamaze. Akanizaba kofi. Nikamrudishia, kali kuliko lake. Nikamkamata sweta, tukaanguka juu ya vipande vya bodi, kiwiko chake kikachanika hadi nyama. Umri huu wangu! Wenzake wakatutenganisha. Walifunga laptop wakaondoka naye.

Musyoka alikuwa mlangoni na bendeji yake. Hawakumuuliza, nami sikuwaambia. Niliona heri wanione mwongo kuliko wajue nilivyoogopa.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda Kalamba kwa Mbithi. Najua nilichofuata. Nilitaka aniambie nilifanya vizuri kufuta.

Mkewe alinipa kiti, maji hakunipa. Jicho la Mbithi limekwenda. Nikamwambia picha yake haipo tena, nimeondoa programu yote. Nilidhani atashukuru.

"Yote?" Mbithi akauliza. "Hata sauti ya mama Mwende?"

Ndipo akaeleza. Yeye ndiye aliyemchimbua yule kijana. Alitupa sepetu, akachimba kwa mikono, aliogopa kumkata. Alimtoa mwili ukiwa bado na joto. Kesho yake akarudi kupakia lori la yule yule Kilonzo, kwa sababu watoto wanakula. "Mlinipiga picha, hamkuniuliza kitu. Mngeniuliza, ningesema."

 Nikarudisha kiti nilichopewa, nikatoka.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeondoa ufunguo wangu. Sasa programu haitoki kwenye Kyondo mpaka aliyeiandika aitoe mwenyewe. Nimejaribu kuvunja, nimeshindwa. Wakirudi kukaza jiliwa sitakuwa na cha kuwapa. Nilimweleza Musyoka hilo, maana vidole ni vyake. Akajibu, "Hii ungefanya mapema, shemeji." Heri angenipiga.

Mchana nikaenda kwa kina Mwende. Amerudi nyumbani, mama yake hataki alale Kitui. Kiwiko kimeshonwa. Nilisimama uani nikamwambia yote, ufunguo, vidole, nilivyofurahi siku ile mtoni. Sikumwomba anisamehe, ningemwongezea kazi. Nikamwambia pia kwamba sasa hivi akirudisha programu yake, watakaotafutwa si mimi tena. Watakuja kwake.

"Kwangu walishakuja. Walianza na kaka yangu."

Kisha akauliza Mbithi alisema nini. Nikamwambia neno kwa neno. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa hasira, akipiga ardhi kwa mkono mzima. Mama yake akatoka, akanitazama, akanionyesha njia.

Ijumaa, 28 Machi

Ujumbe wa Mwende. "Kesho kwa Mbithi. Beba sanduku." Hakuna salamu. Musyoka aliunganisha moja mpaka usiku kwa mkono wa kushoto, kwa vipande tulivyookoa kwenye bodi zilizovunjwa, mimi nikimshikia waya. Tulitukanana mpaka likawaka.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imeanza. Nyumba ya Mbithi ina giza na bati lina kelele, Mwende akasubiri inyamaze kidogo ndipo arekodi. Wale wanafunzi wengine wanne hawajarudi. Mmoja ameniandikia kuuliza kama kweli ufunguo nimeuondoa. Nimemwambia aje ajaribu kufuta.

Lori la mchanga lilipita barabarani, likapunguza mwendo, likaenda. Mke wa Mbithi akafunga mlango, akaweka chai.

Mbithi aliongea muda mrefu. Alieleza mikono yake ilivyokuwa, na uzito wa yule kijana. Kuna mahali alisema "nisamehe" na haikujulikana anamwambia nani. Mama Mwende alikuwa amekaa karibu naye, shuka mabegani. Hakumkatiza hata mara moja.

Alipomaliza Mwende akafungua ile picha ya lori, akamwonyesha, akamuuliza anataka ifanywe nini. Mbithi aliisogelea kwa jicho lake moja.

"Toa uso. Sauti wacha."

Mwende akaufuta uso polepole, akisimama kila mara amwonyeshe. Mimi nilishika simu, nikamulika kibodi. Hakuna aliyeniuliza kitu.