Picha ya Mbao Uliyonitumia

Papa Mireille,

Sianzi na "mpendwa", maana leo ingekuwa uongo. Nina hasira, na hii barua uisome ukiwa umekaa.

Miezi tisa uko Kolwezi kwa kazi ya mgodi. Miezi tisa hujauliza kama binti yako amekula, kama malaria imemwachia. Halafu jana mchana, nikiwa nasonga bukari, ugali wetu wa mchana, simu ikalia, nikaona jina lako. Nasema ukweli ingawa naona aibu: nilifurahi. Nilipangusa mikono mbiombio. Kumbe ni picha ya mbao zilizounganishwa nusu, na maneno haya: "Bonjour. Ii planche inaingiaka fasi gani? Nashindwa."

Huna hata haya, kuniuliza mimi ubao unaingia wapi!

Unakumbuka kabati letu la nyumbani Kasungami? Lilikuja ndani ya katoni, vipande vipande, na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Uliisukuma karatasi chini ya kiti. "Ile ni ya batoto. Mi niko mwanaume, nitajua tu." Ukaufunga mlango wa kushoto upande wa kulia, ukavunja vise mbili, zile skrubu za kukazia, ukamtukana aliyelitengeneza. Mimi na tumbo langu la miezi saba nikaiokota ile karatasi, nikakaa chini, nikakuelekeza: hii kwanza, shika hapa, usikaze bado. Tulicheka sana siku ile, siwezi kukataa. Ulinipangusa jasho kwa shati lako.

Jumapili mama yako akaja kutoka Naviundu, akalizunguka kabati, akapiga vigelegele. "Nani alijenga?" Ukajibu mbele yangu, bila kupepesa macho: "Njo miye, mama. Na mikono yangu." Mimi nikampakulia chakula. Asante ya punda ni mateke, lakini mateke yenyewe nilikuwa bado sijayaona.

Maana picha yako niliikuza. Nilitaka kuyacheka makosa yako. Nikaona fito nyembamba zimesimama kama uzio, na godoro dogo bado liko ndani ya plastiki. Ni kitanda cha mtoto mchanga. Hivyo ndivyo ulivyochagua kunijulisha, kwa kuniomba msaada! Mireille alilala katikati yetu hadi alipoanza kutembea, kitanda chake hakikununuliwa kamwe. Nililia mpaka bukari ikaungua, na sikujali.

Niliapa sitajibu. Huyo uliye naye ana macho, akusomee karatasi. Lakini kosa nililiona mara moja, na halikuniacha nilale. Mbao za kubeba godoro umeziegemeza tu juu ya ukingo, hazina vise. Mtoto akigeuka mara mbili zitateleza, ataanguka nazo. Na huyo mtoto, nipende nisipende, ni ndugu yake Mireille.

Basi sikiliza, na usinishukuru. Fungua yote. Mbao za chini zinaingia ndani ya matundu ya pembeni, kila moja na vise yake, ndipo unakaza. Ukimaliza, zikandamize kwa magoti yako mawili kabla ya kumlaza mtoto.

Mimi leo jioni nitamketisha Mireille, nimwambie kwamba ana mdogo wake huko Kolwezi. Hata hilo umeniachia mimi.

Mama Mireille