Namba Isiyotaka Kuzidishwa kwa Kumi na Saba

Mwaya, Kyela

Dada yangu Mwanaisha,

Nakusalimu kwa mapenzi. Goti lako limetulia? Na watoto, wanakusikia? Mimi mwili mzima, ila moyo umevurugika.

Nilikueleza kuhusu Mama Atupele, mjane aliyenipangisha chumba. Kakao yake imeanza kuoza ingali mtini, inakuwa nyeusi. Basi akatokea bwana mmoja mwenye koti la kijivu, akadai anayo namba ya kuponya shamba: 0588235294117647. Akatukusanya uani, akaizidisha kwa mbili, kwa tatu, kwa nne. Kila jibu lilirudi na tarakimu zilezile, zikifuatana vilevile, ila zimeanzia mahali pengine. Simu zetu zilishindwa hata kuiandika yote. Watu wakashika vinywa. Ujira wake: Mama atie dole gumba, nusu ya miti iwe yake.

Wanijua, dada, sukari yenyewe naionja kwanza. Nikauliza, "Mbona hujaizidisha kwa kumi na saba?"

"Kumi na saba ni mwiko, Mwalimu."

Mwiko! Hapo nikamshuku kabisa. Nikachukua chaki, nikazidisha ukutani: tisa tupu, kumi na sita zimejipanga. Nikawaeleza kuwa namba hiyo haina uganga. Gawanya moja kwa kumi na saba, inajitokeza yenyewe baada ya nukta na kujirudia bila kukoma. Yule bwana akaaga upesi, ana safari. Mama akanishika mkono, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Sitii dole." Nilifurahi, sikufichi.

Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi nikabaki na wasiwasi wangu. Nilisikia kwamba yule bwana alikwisha kufukia karatasi yenye namba yake kwenye kona ya shamba, chini ya masale yaliyopandwa mpakani. Nikaona ameacha mguu mmoja ndani. Asubuhi nikaenda na jembe, nikang'oa masale, nikaipata. Kugeuka, Mama huyo, na majirani wawili.

Kwetu mpaka ni mnazi, dada, nani atang'oa mnazi? Huku masale ya mpaka hayaguswi na mtu akiwa peke yake. Anayeyang'oa anataka ardhi ya mwenzake, basi. Nikainua karatasi waione. Mama hakuitazama, alitazama shimo.

"Mama, nilikuwa nakutetea."

"Yule aliomba, Mwalimu," akasema. "Wewe unang'oa."

Nimeambiwa nitafute chumba kwingine. Jirani ananinong'oneza kuwa Mama mwenyewe amemwita tena mwenye koti, anakuja kesho na kidau chake cha wino. Inaniuma sana.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji, na mjomba anayetuombea dua. Wakiuliza kama watu wa huku wananipenda, waambie ndiyo, walinipenda.

Mdogo wako,
Mbwana

Nakuandikia nikiwa nimeketi nje ya uzio wake. Ndani wanapanga viti vya kesho, na kila anayepita ananitazama mikono.