Akala Arobaini za Mguu wa Kushoto

Mama Akinyi,

Nilikupoteza Jumanne, wiki saba zilizopita, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na nne. Siku hiyo nilipoteza mwalimu, na nikapoteza jibu la swali nililokuwa nimelimeza miezi mitatu nikiogopa kulitema: mimi ni mpiga picha, ama ni mtu wa kushika ubao wa mwanga tu?

Nakuandikia kwa sababu Kilonzo amekuja. Kilonzo wa akala, yule wa Kariokor mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Anataka katalogi mpya, viatu vya akala na mikoba, vipande thelathini na sita. Alisimama mlangoni pa studio, akatazama kiti chako, akavua kofia. Nikadhani atalia. Kumbe wapi, akairudisha kofia kichwani na kuanza.

"Mwende, pole sana. Lakini wacha nikuulize kama mtu wa nyumbani, maana mama yako na mama yangu wote ni wa Machakos. Rispa, mwalimu wako, aliwahi kutamka kwa mdomo wake kwamba kazi hii unaiweza peke yako? Sitaki hadithi."

Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa. Akasema Ijumaa saa nne asubuhi, ikipita hapo mzigo wake unaenda kwa studio nyingine huko mjini.

Ningeweza kumwambia ndiyo. Nani angenibishia? Wewe umelala kaburini huko Alego, na wifi zako hawajui kamera inashikwa upande gani. Nilijaribu hata mbele ya kioo, mara mbili: "Ndiyo, alisema." Mara zote mbili nikaangalia pembeni. Watu wengine nawadanganya vizuri tu, wewe mwenyewe ulinisikia nikimwambia landilodi niko Kitui. Lakini kukutilia maneno mdomoni nimeshindwa.

Unakumbuka nilivyoingia kwako? Nilikuwa natoka Mukuru kwa Reuben, kibarua kiwandani, siku nzima nahesabu sabuni: ishirini na nne katoni moja, katoni sitini kwa paleti ya mbao, makosa mawili unarudi nyumbani. Nilikuja kupiga picha ya pasipoti ya kadi ya kazi. Ulipokuwa unapanga zile picha kwenye karatasi nikashindwa kunyamaza. Nikakuambia, "Mama, ukizigeuza zilale, zitatoka nane badala ya sita." Ulivua miwani ukanitazama kutoka kichwani mpaka kwa viatu. "Na wewe umetumwa na nani?" Halafu ukazigeuza. Zikatoka nane. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafagia studio yako, na baada ya miezi mitano nikaaga sabuni.

Hukuwa mwalimu wa maneno mengi. Nikikuuliza, "Hii imekaa sawa?" unanirudishia, "Wewe unaionaje?" Ilinikera! Nilikuwa nimezoea msimamizi wa kiwanda, ambaye angalau matusi yake yalikuwa wazi. Kwako sheria ilikuwa moja: kitu cha mteja hakipigwi picha kabla hujaishi nacho siku moja. Sufuria ya mteja, unaipikia. Mkoba, unautembeza sokoni ukiwa na viazi ndani. Yule mwenye bucha wa Kiamaiko alipotaka picha za mbuzi wake, ulisema hatutoi kamera kwa mkoba mpaka tule. Ukala mbavu nne, ukafuta vidole kimoja kimoja, ukasema, "Sasa najua mahali tamu iko," na kweli picha ilikuwa ni ule ubavu wa tano.

Siku hiyohiyo mimi nilikuwa nimevaa akala za Kilonzo, kutoka Kariokor hadi Kiamaiko na kurudi, kwa miguu. Malengelenge mawili, yote kwenye kidole gumba, pale mkanda unapopita. Nilidhani utanihurumia. Ukainama, ukalitazama lengelenge kama mtu anayesoma gazeti, ukaniambia, "Mwanga tunauweka hapohapo. Mnunuzi ataangalia huo mkanda kwanza." Ulimwita Kilonzo, akaushona upya kwa ngozi laini. Alinuna, lakini mpaka leo anaushona hivyo, na anawaambia watu ni wazo lake.

Sasa nifike kwenye lile jambo letu. Hatukuwahi kulizungumza, na leo huwezi kuniambia nikachemshe chai kwanza.

Ulikuwa umeenda mazishi ya kakako, siku tisa. Kilonzo akaleta akala za katalogi, arobaini, zote za mguu wa kushoto. Hakuwa mjinga. Soko zima linafanya hivyo: unatoa kiatu kimoja, mwenzake unamficha, kwa sababu hakuna mwizi atakayekimbia na kiatu kimoja. Hata kwetu hakutuamini na jozi kamili. Nikazipanga mezani zote arobaini zikitazama upande mmoja, kama watu wa kanisa. Na sheria yako, je? Ningezivaaje? Mtu anatembeaje na kushoto mbili? Nikajiambia hizi hazivaliki, basi sheria niiruke tu.

Nilipiga picha arobaini. Halafu kwenye kompyuta nikaigeuza kila moja, kushoto ikawa kulia, nikaziweka pamoja. Jozi arobaini! Kazi ya siku nne nilimaliza kwa mbili. Nilijiona mjanja kweli, nikazipeleka kwa mchapishaji bila kukungoja.

Akala ni tairi, Mama Akinyi. Nani asiyejua? Na tairi ina maandishi ubavuni, namba na herufi. Kwenye kila mguu wa kulia maandishi yalikuwa yanasomeka kinyumenyume, kama unayatazama kwa kioo cha gari. Mimi mtu wa namba, niliyekamata sabuni moja pungufu kwenye katoni, sikuona namba arobaini zilizogeuka. Ni mnunuzi wa Kilonzo aliyeona. Alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kama hizo tairi zimetoka kwa gari la wachawi.

Ulikuwa ndio kwanza umeshuka kutoka safari, vumbi bado liko kwa viatu vyako, Kilonzo alipoingia na kutupa katalogi mezani. "Nani amenifanyia hii takataka?" Mimi nilifungua mdomo. Wewe ukasema kabla yangu, "Ni mimi, Kilonzo. Kosa ni langu. Leta miguu ya kulia." Aliileta kwenye gunia, na siku zote tulizorudia ile kazi yeye mwenyewe aliketi juu ya hilo gunia, anatoa kiatu kimoja, anarudishiwa kimoja.

Kesho yake ukanipa ubao mweupe.

Hukunigombeza. Ulichukua kamera, ukanikabidhi ubao wa kurudisha mwanga, na kwa miezi mitatu sikugusa kamera tena. Kazi sitini na moja. Nimezihesabu kwenye kompyuta. "Sogea. Karibu. Inua. Rudi kidogo. Hapo." Mikono ikiniuma mpaka nashindwa kusukuma unga wa chapati. Ungenitukana, ningejua tumemaliza. Ungenifukuza, ningelia, nirudi kwa sabuni. Lakini ulinipa chai wakati uleule wa kila siku, ukaniwekea kipande kikubwa cha mandazi, ukaniacha na ubao. Nilikukasirikia, Mama Akinyi. Nilikukasirikia mpaka ile Jumapili ulipoanguka, na bado nina hasira kidogo. Nakuambia kwa sababu ulichukia mtu anayetabasamu kwa kamera huku ameuma meno.

Mambo yamebadilika. Akinyi wako amenipa funguo, amesema niendelee mpaka mwisho wa mwaka ndipo familia iamue. Meza nimeisogeza hatua mbili kutoka dirishani, ule mwanga wa asubuhi ulikuwa unachoma vitu vyeupe. Ulijua, ukaacha hivyohivyo kwa sababu ya mgongo wako kupenda jua. Watu wa pasipoti bado wanaingia wakiuliza, "Mama yuko?" Mara ya kwanza nilieleza. Siku hizi nasema "keti hapa" na kuwasha taa.

Na ile picha ya kijitabu cha mazishi, unajua tulikosa? Mtu aliyepiga picha mtaa mzima wa Kaloleni, arusi, ubatizo, vitambulisho, hana picha yake! Tulitafuta siku mbili. Tukapata moja tu, ya siku tuliyokuwa tunapima mwanga, umesimama mahali pa bidhaa umeshika kabichi kifuani kama mtoto, unanicheka kwa sababu picha ya kwanza nilikuwa nimesahau kutoa kifuniko cha lenzi. Niliikata kabichi ikatoka nje. Dada zako walisema hawajawahi kukuona mzuri hivyo. Sikuwaambia habari ya kabichi. Nilicheka peke yangu kanisani, na mama mmoja akanipa leso akidhani ni kilio. Kilikuwa ni kilio pia.

Baadaye nilikaa na kompyuta yako. Mwaka wote kabla hujaanguka, ukiacha za pasipoti, tuliwapa wateja picha mia mbili na kumi na mbili. Themanini na saba nilizipiga mimi, na wewe ndiye uliyezichagua. Hukuniambia kama umechagua hata moja. Baada ya zile akala, zangu ni sufuri. Hesabu hiyo inasema hukuniamini tena.

Lakini Akinyi ananiambia dawa za presha ulianza kumeza kabla ya hizo akala, na mkono wa kulia ulikuwa unakutetemeka. Nikarudi kutazama. Kweli, kuanzia hapo kamera iko kwenye stendi kila siku, hata kwa picha ya kikombe. Na nakumbuka zile kazi za mwishomwisho hukuniambia "sogea" wala "inua". Ulikuwa unangoja nisimame mahali ninapotaka mimi, halafu unabonyeza. Labda ulikuwa unanifundisha mwanga haraka, kwa sababu ulijua. Labda ulikuwa umechoka tu kusema. Kimya hakihesabiki, Mama Akinyi. Nina hesabu mbili, zote zinatoka sawa, na mimi sijawahi kuvumilia jambo hilo.

Basi kwaheri, mama yangu wa Kaloleni. Lala salama, na mgongo wako upate jua. Nakuahidi hivi: sitakuazima sauti. Kama sitakuwa nimesikia kitu, Kilonzo nitamwambia wazi kwamba hukusema. Nitamwambia pia kwamba zile akala zilikuwa kosa langu, maana umelibeba vya kutosha. Kisha nitamwekea picha themanini na saba mezani, aamue mwenyewe. Akiondoka na mzigo wake, nitampa mkono na kufungua mlango kwa watu wa pasipoti.

Lakini mimi sitaki aamue Kilonzo. Nataka uamue wewe. Nijie ndotoni, nidondoshee kitu rafuni, mtume Akinyi akumbuke sentensi moja uliyosema ukimenya viazi, vyovyote utakavyo, ilmradi iwe wazi. Kama ungeamka ile Jumanne na ukaniona nimesimama kando ya kitanda, ungenipa kamera, ama ungenipa ubao? Leo ni Jumatano. Una mpaka Ijumaa, saa nne kasorobo. Zile dakika kumi na tano zitakazobaki nitazihitaji kunawa uso.

Mwende