Kiti cha dirisha la tatu

Jumatatu. Mvua ilianza tukiwa bado darasani, wingu limefunika mlima wote, na mikono yangu inanuka gundi.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Huwa nafurahi mtu mzima anapokosea jambo ninalolijua mimi. Sisemi. Darasani siinui hata mkono. Lakini ndani yangu kuna mtu mdogo anayengojea kosa, na kosa likija anasimama na kupiga makofi.

Jana alisema kwa sauti.

Tangu likizo kubwa ninatengeneza mfano wa ndege ambayo sisi watu wa Murara tulikuwa tukiiita Koko, yaani bibi, kwa sababu ilikuwa imezeeka kuliko wazazi wetu. Injini moja puani, mabawa mawili kila upande, moja juu ya lingine, na madirisha ya mviringo. Ilipita juu ya mabati yetu ikipeleka sabuni, mafuta na maharagwe machimboni, kule msituni. Siku moja haikurudi. Nilikuwa mdogo, lakini sauti yake ninaikumbuka. Sasa uwanja wa ndege wenyewe umefungwa, hakuna kinachoruka, na nadhani ndiyo maana nilianza kuitengeneza.

Kila mita yake kwangu ni sentimita tano. Mbavu za mabawa ni mianzi niliyoisugua kwa jiwe la volkano, lile lile Mama analosugulia visigino. Nyaya zinazoshikilia mabawa ni uzi wa wavu wa samaki kutoka Keshero. Vioo nilivikata kwenye chupa ya maji. Mlango wa ubavuni unafunguka na kufungika. Ule mlango ulinipa fahari kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Ndani sikuweka viti. Baba yangu, Papa, ndiye aliyeniambia. Miaka ile alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanjani. Viti viling'olewa ili mizigo ienee, na abiria walikaa juu ya magunia wakishika kamba. Aliniambia akiwa anamenya kiazi, bila kuniangalia. Nilifurahi sana, maana kitabu cha ndege cha maktaba ya shule hakikuwa na habari hiyo. Nikashona magunia madogo ya kitambaa, nikayajaza mchanga.

Jirani yetu ni Mama Masika. Mume wake alikuwa ndani ya Koko siku ile. Hawana kaburi la kwenda. Kila mwaka anaomba misa, halafu anapika, majirani wanakuja kula. Basi.

Jana ndiyo ilikuwa misa hiyo. Walipotoka kanisani alipita kwetu na watoto wake: Masika, ambaye tunasoma naye, na Kambale, aliyezaliwa baada ya baba yake kuondoka. Alikuwa amesikia kwamba ndege iko kwetu.

Masika aliizunguka meza. "Kumbe wewe unaongeaka na ndege tu, na watu hapana," akasema. Tukacheka wote, hata mimi.

Mama Masika akainama, akaweka kidole kwenye dirisha la tatu.

"Kambale, ona. Hapa njo papa yenu alikaa, ku kiti ya dirisha. Alifunga mukaba, akanipungia mukono."

Kambale akasogeza jicho. Akafungua ule mlango wangu, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala.

"Mama, kiti iko wapi?"

Mtu mdogo akasimama.

Mimi, ambaye wageni wakiingia najificha jikoni, nilisema wazi kabisa: "Koko haikuwa na viti. Vilitolewa. Watu walikaa juu ya magunia, kama mizigo."

Lile "kama mizigo" halikuwa la lazima. Niliongeza kwa sababu sentensi ilikuwa inapendeza.

Hakuna aliyenigombeza. Mama Masika aliondoa kidole. Kambale alimtazama mama yake, si mimi. "Na mukaba?" akauliza.

"Twende," mama yake akasema. "Chakula itapoa."

Walipotoka nikageuka, nikamwona Papa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Nilingoja anipigie kelele. Alisema tu, "Ile nilikuambia wewe tu." Akachukua bidoni akaenda kuteka maji, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Nimewaza maneno hayo tangu jana. Papa aliipakia ndege ile. Pengine alimshika yule baba mkono akipanda. Na kila mwaka amekaa kwenye meza ya Mama Masika, akasikiliza habari ya kiti na mkaba, yaani mkanda, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Mimi nilikuwa nikidhani Papa hana mengi ya kusema.

Leo darasani Masika alihamia dawati la mbele. Nilitazama mgongo wake masomo yote, sikusikia hata moja.

Nilipofika nyumbani nilikata uzi wa mabawa. Hakukuwa na njia nyingine ya kufika ndani ila kutoa bawa la juu na kupasua paa. Nikachonga kiti kwenye soli ya sapatu yangu ya zamani, ndara ile ya bluu. Mkaba ni utepe wa begi, na bizimu nilikunja kutoka bati la mkebe wa maziwa. Nikagandisha kiti kwenye dirisha la tatu, nikarudisha bawa. Limekaa upande kidogo, na uzi mmoja umelegea.

Sasa mfano wangu una kosa, na ninalijua.

Niliifunika ndege kwa shitingi ya plastiki nikaenda kwa kina Masika mvua ikinyesha. Kambale ndiye aliyefungua. Nikamwambia nilikosea: walibakiza kiti kimoja, hapa. Sina mazoea ya uongo. Akaingiza kidole, akafungua mkaba, akaufunga, akaufungua tena.

"Nilijua," akasema. "Wewe na vitabu yako."

Masika alikuwa anachambua mchele karibu na mama yake. Alinisogezea kiti. Sikukaa. Niliona aibu, na hata sasa ninapoandika haijaniacha.

Mama Masika alinisindikiza hadi kwenye lango. Alingoja tuwe mbali na mlango, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Ilikuwa gunia ya maharagi. Minajua, sababu mimi njo nilishona kinywa yake. Niliijaza sana, akae muzuri."

Akanifungulia lango.

"Enda," akasema. "Utalowana."

Ndege niliiacha kwao. Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa imekatika. Nilimwambia Papa iko wapi, na kwamba ina kiti. Aliitikia kwa kichwa. Nikachukua bidoni, nikaenda kuteka maji.