Msimgongee Neema Jembe

Kitwe, Zambia
Juni

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini goti lako limepata nafuu na kahawa mwaka huu imezaa vizuri. Mimi napumua, nakula, natembea hadi getini na kurudi. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu ya nyumbani anatembea nayo Neema, na sitaki imlilie mfukoni. Utaelewa huko mbele. Barua analeta Simbeye, dereva mwenzangu, na nimemwomba asiondoke Isansa mpaka uimalize mbele yake.

Mama, siendeshi lori tena. Mwezi uliopita nilikuwa nimejilaza mchana hapa yadi, pembeni ya gari, nikisubiri zamu ya kupakia. Mtu akapiga honi bila kujua kwamba nipo. Nilishtuka usingizini, na hapo hapo nikazimia. Hospitalini daktari alinifunga nyaya kifuani, mashine ikachora mistari kwenye karatasi ndefu. Akaitazama, halafu akauliza ni nani kwetu aliyekufa ghafla akiwa mzima. Simbeye ndiye aliyekuwa akitafsiri kwa Kibemba chake cha Tunduma. Nikamtaja baba, aliyeanguka tukichimba mashimo ya kahawa. Nikamtaja kaka Elia. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mwambie hakuna aliyelogwa," akasema. "Moyo wenu una nguvu, ila umeme wake unachelewa kujipanga baada ya kila pigo. Mkishtuliwa, unaweza kutetemeka tu badala ya kusukuma damu. Ni ugonjwa wa kurithi."

Sasa nimefungwa, Mama. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na daktari hataki niwe mbali naye mpaka aone vimenikubali. Bosi kanihurumia, kanipa chumba, lakini chumba chenyewe kiko humu humu yadi, na malori yanapiga honi kutwa nzima. Nakaa na pamba masikioni. Mlango siufungi kwa komeo, ili nikianguka watu waweze kuingia. Nimekuwa kama kuku aliyefungwa mguu, ila kamba yangu iko kifuani na hakuna wa kuikata. Mtu mzima mimi, niliyevuka milima yote ya huku na tela mbili, leo naiogopa saa ya mezani. Naona aibu hata kukuandikia.

Ila kinachoninyima usingizi ni Neema. Uliniambia mdogo wangu alianguka kule mashineni injini ya kusaga ilipowashwa, na baba mdogo akamgongea jembe mpaka akaamka. Ndivyo tulivyozoea nyumbani kwetu, mtu akizimia tunagonga jembe kwa jiwe karibu na sikio lake, ili asikie njia ya kurudi. Mama, msimgongee tena. Neema aliamka kwa sababu moyo ulijirudi wenyewe, na kishindo kile kingeweza kuusimamisha upya. Akianguka na hapumui, mlazeni chali, mtu aweke viganja katikati ya kifua akandamize kwa nguvu na haraka, bila kuacha, mpaka azinduke au msaada ufike. Mpelekeni hospitali kubwa ya Mbeya mjini apimwe moyo. Karatasi ya daktari nimeikunja humu. Waione kabla ya kumpa dawa yoyote, hata ya malaria, maana zipo zinazovuruga moyo kama wetu. Baba mdogo akitaka kwenda kwa mganga, mwambie nimekataa.

Limebaki la Shangazi Marita. Siku Elia alipoanguka uani, shangazi aligonga jembe, Elia akafumbua macho. Akagonga tena, Elia akakata roho. Tukasema amemmaliza kama alivyommaliza baba, kaka yake wa damu, na baba mdogo akamfukuza. Akaenda zake Mkwajuni na kifurushi kimoja. Mama, ugonjwa huu umetoka upande wa baba. Huenda shangazi naye anao, anaishi peke yake na hajui. Mtume mtu akamchukue, wapimwe pamoja na Neema.

Na akifika, lisemeni hili mbele ya watu wote, maana mimi nilishindwa. Shangazi hakutaka kugonga jembe siku ile. Alikuwa amempakata Elia, anatuambia tusogee apate hewa. Mimi ndiye niliyekimbilia jembe jikoni nikamtia mkononi, nikamwambia, "Gonga, shangazi, anatuacha." Walipomwita mchawi nilikuwa nimesimama karibu naye. Alinitazama, nikanyamaza.

Msalimie baba mdogo, ingawa atakasirika. Msalimie bibi, na mchungaji aliyenibatiza. Neema mwambie nampenda, na umwambie taratibu, usimwite kwa nyuma.

Shangazi usimpe salamu zangu. Msomee kwanza niliyoandika, halafu umuulize kama anazitaka.

Mwanao,
Festo